Kila Siku Foto Moja

Mama zangu na dada zangu, nimeitwa nije mbele, lakini naomba munikubalie nisimame hapa pembeni, karibu na mulango wa kanisa. Si kiburi. Mutu aliyezoea kujificha anapenda kuona njia ya kutokea. Mama anayetuongoza aliniambia jana, "Usitafute maneno ya Kizungu. Sema kama vile unasemaga na mimi ziwani, tukifua." Basi nitajaribu. Majina sitataja. Wengine muko humu ndani, na kila mutu atajijua mwenyewe.

Nianze na lile ambalo munalijua wote. Mimi sikuzaa. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikuficha, nilionyesha kwa waganga, nikaonyesha kwa watawa, masera wa maternite, na bado sikuzaa. Kwetu mwanamuke anaitwa kwa jina la mutoto wake, mama fulani na mama fulani. Mimi niliitwa bibi ya fotografe, muke wa mupiga picha. Lilikuwa jina la heshima, sikatai, nililivaa vizuri.

Bwana yangu alikuwa na nyumba ya foto karibu na soko. Munakumbuka kile kitambaa cha ukutani kilichochorwa maua na ngazi za nyumba ya Wazungu? Na lile koti jeusi? Koti lilikuwa moja, wanaume wote wa Goma walilivaa. Mwembamba tulimubana kwa pini mugongoni, munene aliambiwa asimame upande asifunge vifungo. Aliyekuja bila viatu alipigwa foto kuanzia magoti kwenda juu, ao aliambiwa arudi siku akipata viatu. Munacheka, lakini foto zenu za ndoa ziko ukutani na koti ni lile lile. Hilo neno la viatu mulishike, nitalirudia.

Kazi yangu ilikuwa ya nyuma. Nilichota maji, nikachanganya dawa, nikaosha foto, nikazianika. Maji ya ziwa yanaacha alama nyeupe kwenye karatasi, kwa hiyo ya kuosha mwisho nilikinga ya mvua. Nilijua yote, isipokuwa kusimama mbele ya watu.

Siku moja bwana yangu akasema anaenda Usumbura kununua karatasi. Alibeba apareyi kubwa ya kupigia foto, ile ya miguu mitatu, akabeba koti, akabeba na kile kitambaa cha maua. Mimi niliyemusaidia kukikunja sikujiuliza mutu anayeenda kununua karatasi anapeleka wapi maua ya ukuta. Nilikunja vizuri, nikafunga na kamba. Baada ya miezi habari ikafika kwamba yuko na bibi kule, na yule bibi ana mimba.

Alichoacha ni apareyi ndogo ya zamani, ile ya sanduku, na filme zilizopita wakati wake, na karatasi chache, na chupa za dawa, na mimi. Vitu vya zamani alituacha pamoja.

Shemeji zangu walikuja na sauti nzuri. Walisema nyumba ni ya ndugu yao, hawanifukuzi, watarudi nyuma ya mavuno tuone. Nilielewa kwamba nitatakiwa kutoka. Ningerudi kwa baba yangu kule Rutshuru. Lakini baba alikwisha kupokea ngombe ya mali yangu, ile niliyoolewa nayo, na mimi nikirudi, ngombe nayo irudi. Na ile ngombe ilikwisha kuzaa, tofauti na mimi. Ningepita mbele ya kijiji kizima, mimi naingia na ngombe na watoto wake wanatoka.

Ndugu zangu, nawaambia, njaa inauma lakini inakuacha utembee. Aibu inakufunga ndani. Niliacha kufungua mulango. Nilikuwa nakaanga mandazi asubuhi, namupa jirani auze, kisha nafunga tena. Ziwani nilienda wakati ninyi munarudi, na kitenge nimekishusha mpaka machoni. Mutu akinisalimia nilijibu huku naangalia vidole vya miguu yangu. Kama mungeniuliza wakati ule, ningewaeleza miguu ya kila mutu wa kartie, mutaa wetu wote, nyuso zenu nilikwisha kuzisahau.

Jirani huyo ni mama wa Butembo, muuza vitunguu na viazi. Ninyi munamujua kwa ulimi wake. Siku moja alisukuma mulango bila kubisha.

"Weye," akasema, "humu ndani kunanuka dawa na mutu. Unaoza?"

Nikamuambia sina sababu ya kutoka. Akaanza kugusa vitu vyangu kama vile ni soko lake. Akainua lile sanduku.

"Hii inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Humu gizani?"

"Hapana mama, inataka jua."

"Basi iko na akili kukupita. Sikia. Kila siku utaitoa nje, upige foto ya kitu kimoja. Kimoja tu. Jioni utakuja kunieleza umepiga nini, na kama ni uongo nitajua."

Nikamuuliza nitamupiga nani, nani atakubali kusimama mbele ya mwanamuke kama mimi. Akasema, "Nimesema kitu. Mutu nimemutaja wapi?"

Kwa wale wasiolijua lile sanduku: haliwekwi jichoni. Unalishika hapa tumboni, unainamisha kichwa, unaangalia ndani ya kioo kidogo cha juu. Lilinifaa, maana kichwa changu kilikuwa kimeinama tayari.

Siku ya kwanza sikutoka. Nilisimama ndani, nikapiga jiwe la mulango. Jioni nikaenda kwake. "Jiwe?" akasema. "Goma yote ni jiwe. Utamaliza lini?" Siku ya pili nikapiga beseni la maji ya mvua, na wingu lilikuwa ndani yake. Siku nyingine nikapiga shuka yangu nyeupe kwenye kamba, ile asubuhi mulima wa moto ulitumwagia vumbi jeusi tukalaani wote. Niligusa shuka kwa kidole, kikaacha alama, nikapiga ile alama. Nilikuwa nimelaani kama ninyi, kisha nikaangalia, nikaona kidole changu mwenyewe kimechorwa pale kwenye vumbi la mulima. Nilikaa muda nikiangalia.

Kidogo kidogo nikavuka kizingiti, nikafika nyuma ya nyumba, nikafika njiani. Nilipiga mafiga matatu ya mutu, moto umezimika na jivu limelala vizuri. Nikapiga maharagi kwenye ungo, mabaya yametengwa upande mumoja na mazuri upande mwingine, na mwenyewe ameitwa akaacha yote hivyo. Mutwangio wa sombe, majani ya muhogo. Sufuria iliyozibwa tundu na fundi, ile sehemu ya kuzibwa inang'aa kuliko sufuria yote. Vitu vyenu, mama zangu. Nilipita nyuma ya nyumba zenu kama mwizi, sikubeba hata kijiko.

Filme ikijaa nafunga mulango na dirisha, naiosha kwa dawa, kisha naiweka juu ya karatasi chini ya kioo, natoa juani foto ijichore. Foto ndogo, haipiti kiganja. Nilianza kuamuka nikijiuliza, leo nini? Mutu anayejiuliza leo nini amekwisha kuamuka kweli. Nilifurahi. Na nawaambia wazi, niliona haya kufurahi. Nilisema moyoni, mwanamuke aliyeachwa anafurahia sufuria?

Sasa nafika pale ambapo sipendi kufika.

Kuna mama wa kwetu, wa lugha yetu, aliyekuja kutoka Masisi. Asubuhi moja alianika ingobyi yake juani. Wa Butembo munaweza kuwa hamuijui vizuri: ni ile ngozi ya kondoo tunayobebea mutoto mugongoni. Kwetu ingobyi haiguswi na mukono wa nje. Mwanamuke asiyezaa hata kuiangalia sana haifai, na mimi nilifundishwa hivyo tangu musichana. Nilipita. Nikarudi. Ngozi ilikuwa imepakwa siagi, jua limeingia ndani yake, na pale chini, kulia na kushoto, kulikuwa na sehemu mbili zimelainika, manyoya yamekwisha kabisa. Ni pale visigino vya mutoto vinapigapiga mama akitembea. Vidogo kama vikombe vya kahawa.

Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikapiga foto.

Sitawadanganya mbele ya altare hii. Haikuwa uzuri peke yake. Wivu ulikuwa ndani. Niliitaka ile ngozi, nilivitaka vile visigino. Nilipoinua macho mama mwenyewe alikuwa mulangoni. Aliishusha ingobyi kwenye kamba, akaikumbatia, akaingia nayo.

Jioni jirani yangu akauliza, "Leo?"

"Beseni," nikasema.

"Beseni?"

"Beseni."

Aliendelea kumenya vitunguu. Hakuniuliza tena, na mimi niliona heri angenitukana.

Kisha mutoto wa yule mama akashikwa na homa.

Wengi wenu mulikuwa ziwani siku ile. Nilishuka na nguo zangu, na nilipoweka beseni langu majini, wa kulia akasogeza lake. Wa kushoto naye akasogeza. Nilibaki katikati na maji mengi. Mama mukwe wa yule mwenye mutoto akasimama. Ni mama mukubwa, munamuheshimu, na mimi namuheshimu. Akaniuliza mbele ya wote:

"Ni weye uliipiga ingobyi yetu na kile kisanduku?"

"Ni mimi, mama."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

Ningesema nini? Kwamba ilikuwa nzuri? Akasema, "Mutu asiye na mutoto anaangalia ingobyi juu ya nini? Umemukunywa mutoto wetu na macho. Kesho utaleta ile karatasi tuichome. Kisha uende kwenu, tusikuone hapa."

Hakuna aliyesema hapana. Siwalaumu. Ningekuwa upande wenu na mimi ningesogeza beseni.

Nilirudi nyumbani nikasafisha ile filme ingawa ilikuwa haijajaa. Ingobyi ilitoka vizuri kuliko foto zote nilizowahi kupiga, na hiyo ndiyo iliniliza. Jua lilikuwa halijatua nikatoa foto yake kwenye karatasi, nikaiweka juu ya zingine. Kulipopambazuka nilifunga nguo zangu, nikaziacha foto pale mezani, wazichome wenyewe, nikashika njia ya Rutshuru kwa miguu.

Nilifika Munigi. Baridi ilikuwa kali, nikakaa juu ya jiwe nifunge vizuri muzigo. Mbele yangu mama mumoja alikuwa anapuliza moto nje ya nyumba yake. Moshi ulikataa kupanda, ulimuzunguka kichwa kama kilemba, na yeye anapuliza tu, amefunga macho. Mukono wangu ukaenda tumboni kutafuta sanduku. Halikuwepo. Nilikuwa nimelisahau nyumbani.

Mama zangu, sikurudi Goma kwa ujasiri. Kama kuna mutu aliyewaambia nilirudi kwa imani, amenizidishia sifa ambazo sina. Nilirudi kwa sababu siku ilikuwa imeanza na mimi sijapiga foto yangu. Lakini nikiwa njiani, mulima nyuma yangu na ziwa mbele, nikajua pia kwamba mutu akikimbia, uongo ndio unabaki nyuma kumusemea.

Jirani yangu alikuwa mulangoni kwangu, foto zote mukononi. Alikwisha kuziangalia.

"Ulisahau nini?"

"Sijapiga ya leo. Na ile siku sikupiga beseni."

"Nilijua," akasema. "Twende."

Tulienda kwa yule mama. Ua ulikuwa umejaa wanawake waliokuja kuangalia mugonjwa. Nilichutama nikapanga foto chini juu ya mawe, moja moja, za kila siku, ile ya ingobyi peke yake nikabaki nayo mukononi. Kisha mumoja akainama. "Hii si sufuria yangu?" Mwingine, "Hayo mafiga ni yangu, tazama lile lililovunjika." Mwingine alicheka kidogo alipoona maharagi yake, akasema siku ile mbuzi alikuwa ameingia jikoni ndiyo maana aliacha ungo. Mama mukwe hakucheka. Akauliza ile ya ingobyi yao iko wapi. Nikamupa, na kibiriti nikamupa.

Hapo ndipo mama wa mutoto alitoka, mutoto amelala begani. Akaichukua ile foto kwa mukwe wake. Aliiangalia sana. Akaweka kidole juu ya zile alama mbili za chini.

"Hizi si za huyu," akasema. "Huyu bado miguu yake haifiki pale."

Wanawake wote walijua. Mimi sikujua. Alikuwa na mutoto wa kwanza, mukubwa wa huyu, aliyekwenda na surua. Ingobyi ilikuwa yake.

"Foto yake hatuna," akaendelea, na sasa alikuwa anasema na mimi. "Tulimuleta kwenu, kwa bwana yako. Alituambia turudi siku mutoto akiwa na viatu."

Nilikuwa nyuma siku ile, ndugu zangu. Nilikuwa naosha foto za wenye viatu. Hiyo ndiyo aibu ambayo mpaka leo naibeba. Ya kutozaa nimeanza kuizoea. Hii hapana.

Nilimuambia pale pale, mbele ya watu, "Mama, siku nilipopiga, nilikuwa na wivu. Nilimutamani mutoto wako."

"Najua," akasema. "Nilikuona. Macho hayana pazia. Na mimi, tulipomuzika mukubwa, nilimuchukia kila mwanamuke mwenye kubeba." Akaifunga ile foto kwenye ncha ya kitenge chake, fundo kabisa, akaingia ndani. Kibiriti kilibaki mukononi mwa mama mukwe. Alikiangalia, akanirudishia.

Wanawake walianza kumuombea mutoto, lakini jirani yangu hakungoja sala iishe. Alimuchukua mutoto na mama yake mpaka dispanseri, akagombana na kila mutu kwenye mustari mpaka mutoto akapigwa sindano. Homa ikashuka.

Mavuno yalipokwisha, shemeji zangu walikuja kama walivyosema. Aliyewapokea kwenye mulango wangu ni yule mama mukwe, amekaa kwenye kiti changu. Sijui aliwaambia nini. Walikunywa maji, wakaaga, wakaenda. Baba yangu bado ana ngombe zake.

Leo muko munakuja kwangu kupigwa foto. Koti sina. Viatu si lazima, na nawapiga wote mpaka kwenye vidole. Na bado kila siku napiga moja yangu, ya kitu ambacho hakuna atakayekuja kukiulizia.

Aksanti kwa mama wa vitunguu, aliyesukuma mulango bila kubisha. Aksanti kwa mama mukwe kwa kile kiti. Na ninyi muliosogeza mabeseni, aksanti, kwa sababu muliyarudisha. Fundisho langu ni dogo. Ukishindwa kuinua kichwa, basi pale pale ulipoinama, angalia vizuri, chini nako kuna vitu vya Mungu. Na kama kuna mutoto nyumbani, musingoje viatu.

Nimalize na hii foto, nitaipitisha muione, mushike pembeni isichafuke. Mutoto alipopona, mama yake alikuja kwangu na ingobyi. Akaniambia, "Geuka." Nikageuka, akamuweka mutoto wake mugongoni mwangu, akaifunga ngozi kifuani kwangu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akasema nimupe sanduku, atapiga yeye. Nikamuonyesha: lishike tumboni, inamisha kichwa, angalia kioo. Akainama. Mimi ndiye niliyebaki nikiangalia mbele, na sikujua mahali pa kuweka macho, maana nilikuwa sijazoea.

Mutaona imepigwa na mutu asiyejua. Imelala upande. Visigino vya mutoto vinaonekana, na mikono yangu inaonekana imemushika. Kichwa changu alikikata, hakimo kabisa. Lakini kilikuwa kimeinuka, mama zangu. Mumuulize aliyepiga, yuko pale nyuma, amekaa.